Bidhaa za Kundi la Tatu

Jumatatu, 4 Machi 1974

Gunia la sukari liko chini tena. Nimejua kwa mlio wa kikopo, kinakwaruza. Shemeji Saidi hajui bado. Atajua mteja akiitisha kilo mbili.

Ukuta kati ya chumba changu na duka ni wa udongo, mwembamba, na sina kazi nyingine ila kusikiliza. Pampu ya mafuta ya taa inakohoa. Mizani inagonga. Mlango wa mbele ukifunguka, ubaridi unapita chini ya pazia. Rajabu, mume wangu, alizikwa mwezi uliopita, na tangu siku hiyo nimekaa eda. Miezi minne na siku kumi. Nguo nyeupe. Hakuna wanja, hakuna hina, hakuna manukato, hakuna kutoka ila uani. Bi Mwajuma, shangazi yake marehemu, analala kwangu ili anilinde. Sijui ananilinda na nini. Hata kioo amekigeuza kikatazama ukuta.

Duka hili tumelisimamisha mimi na Rajabu. Yeye kaunta, mimi bei na maagizo. Leo nimelala chali nikimsikiliza Saidi, mtu aliyezoea kuendesha lori, akipima sukari kama anapakua kokoto.

Alhamisi, 7 Machi

Kaka Idi amekuja kutoka Nanyuki kuhani kwa mara ya pili. Amesema eda ikiisha atakuja kunichukua. Mke wake ana watoto wengi na mikono miwili tu. Alisema kwa upole. Hakuniuliza.

Niandike mambo yalivyo, nisijidanganye. Eda ikiisha mali itagawanywa. Mimi robo, kwa kuwa hatukujaaliwa mtoto. Saidi yote yaliyobaki, kwa kuwa wazee wao wametangulia na ndugu ni yeye peke yake. Hiyo ndiyo sheria na sina ugomvi nayo. Ninachotaka ni duka lisivunjwe, nami nirudi ndani yake. Saidi amesema likionyesha faida litabaki. Likivunjwa, nakwenda Nanyuki kuosha nepi za watu.

Ijumaa, 15 Machi

Saidi amesimama nyuma ya pazia baada ya swala, sauti yake imechangamka. Ofisa wa biashara amewafundisha wenye maduka kule ukumbini.

"Shemeji, ati vitu ya duka si sawa. Iko ya kwanza, ya pili na ya tatu. Sasa hiyo hesabu mimi siwezi. Wewe ndio unajua."

Akasukuma risiti zote chini ya pazia. Nikazikusanya haraka kabla Bi Mwajuma hajaamka. Risiti zinanuka sabuni na duka.

Jumapili, 17 Machi

Nimemaliza. Kazi yenyewe si ngumu. Unachukua kila bidhaa, unaangalia imeuzwa kiasi gani kwa mwaka, unazidisha kwa bei, halafu unapanga kuanzia iliyoingiza pesa nyingi. Vichache vya juu ndivyo vinavyobeba duka. Sukari, unga, mafuta ya kupikia, mafuta ya taa. Hilo kundi la kwanza. La pili sabuni, majani ya chai, mchele, viberiti. La tatu ni takataka zote zilizobaki: magadi, tambi za taa, sindano, nyuzi, nyembe, iliki, karafuu, udi, marashi, hina. Orodha ndefu, pesa kidogo.

Chini nimemwandikia Saidi kwa herufi kubwa: kundi la kwanza liangalie kila siku, la pili kila wiki, la tatu lisikusumbue.

Nimefurahi. Naona haya kuandika hivyo na kaburi halijaota majani, lakini nimefurahi. Siku nzima sikuusikia ukuta.

Jumatano, 20 Machi

Saidi ni mtu wa kutii. Sikujua.

Amebomoa rafu zote za kundi la tatu ili apate mahali pa kupanga magunia ya sukari na unga. Vilivyokuwemo amevitia kwenye makatoni na magunia, na kwa kuwa hana stoo, ameviingiza kwangu. Tuliambiwa tuende uani, mimi na Bi Mwajuma, hadi wapagazi wamalize. Tuliporudi, kitanda kilikuwa kimesukumwa pembeni. Magadi mlangoni, tambi na nyuzi juu ya sanduku langu la nguo. Chini ya kitanda udi, marashi, karafuu, iliki na hina ya kutosha harusi kumi.

Mwenye eda haruhusiwi kunukia. Chumba kinanukia hadi uani. Bi Mwajuma amesimama mlangoni mikono kiunoni. "Eda gani hii ya kunukia kama bibi harusi?" Amefunga udi kwa nailoni, akaufunika blanketi, akaweka sufuria juu. Haikusaidia. Jioni amekwenda kumuuliza mke wa Sheikh. Jibu limerudi kwamba harufu ya gunia si ya kujipaka, sina dhambi. Bi Mwajuma hajaridhika. Analala amejifunga kitambaa puani.

Mimi nimecheka chini ya shuka. Halafu nikakumbuka sina pa kunyoosha miguu.

Ijumaa, 5 Aprili

Maulidi. Nasikia dufu kutoka msikitini. Mwaka jana mimi ndiye niliyepika.

Tangu jana wanawake wa mtaa wetu wa Majengo wanaingia dukani kuulizia udi na marashi. Saidi anawajibu, hakuna. Hakuna. Hakuna. Kila akisema, nageuza kichwa kutazama chini ya kitanda. Bi Maryamu, sauti yake naijua, amemwambia aache utani, duka la Rajabu lisiwe na udi siku ya Maulidi. Akaondoka. Alikuwa pia amemwagiza unga wa maandazi. Nao akauacha kwenye kaunta.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua kubwa. Mama Wangeci amekuja, mkulima wa Endarasha, analeta viazi sokoni na amenunua kwetu tangu tulipofungua. Alitaka magadi ya kupikia githeri, yale mahindi na maharagwe yao.

"Ati hakuna? Duka mzima hakuna magadi? Githeri yangu itaiva lini, Krismasi?"

Saidi akamwambia ziko sukari na unga, bei nzuri.

"Basi kaa na sukari yako. Nitanunua yote pahali magadi iko."

Nikasikia viatu vyake vya mpira vikifyonza matope kuvuka barabara, kuelekea duka la ng'ambo. Gunia la magadi liko mlangoni pangu. Nikinyoosha mguu naligusa. Sikuweza kuita. Dukani mlikuwa na wanaume, na sauti yangu haitakiwi huko.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemwambia Saidi. Nimemweleza polepole nyuma ya pazia. Mtu hatoki Endarasha kwa ajili ya sukari, sukari iko kila mahali. Anatoka kwa ajili ya magadi na tambi, sukari anaichukua akishafika. Mimi nilipanga pesa zinazoingia. Sikupanga kilichowaleta watu. Kosa ni langu, rafu zirudishwe.

Saidi akanisomea karatasi yangu mwenyewe, neno kwa neno. La tatu lisikusumbue. Akasema ofisa ameisifu sana karatasi hiyo mbele ya watu wote. Akasema pia, si kwa ubaya, kwamba mtu mwenye msiba akili haitulii.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema Bi Mwajuma bila kuinua macho kutoka kwenye ukindu anaousuka.

Sikuzungumza naye hadi baada ya isha.

Jumatatu, 29 Aprili

Duka limekuwa kimya hadi nasikia redio. Saidi hakuwahi kuwasha redio mchana. Unga umeshika unyevu, amewaambia wapagazi watandaze mbao chini. Kundi la kwanza limejaa tele na hakuna wa kulinunua.

Leo amekuja mtu mwenye sauti nzito, anatafuta ghala la kukodi hapa Majengo. Walipima chumba cha mbele kwa hatua. Nilizisikia zikija hadi ukutani kwangu na kurudi. Saidi akamwambia subiri, kuna mjane bado hajatoka.

Kufa kufaana. Wala simlaumu mgeni.

Kaka Idi ameleta ujumbe. Nifungashe nguo tu, vyombo viko vya kutosha.

Nachukia chumba hiki. Nachukia hata iliki. Natoka uani, nazunguka kamba ya nguo, narudi. Natoka tena. Bi Mwajuma ananiambia nitapasua ardhi.

Jumatano, 8 Mei

Mama Wangeci amekuja kuhani. Kwa mlango wa uani, kama wanawake wote. Alikuwa hajui. Alidhani nimesafiri. Sokoni ndiko alikosikia kwamba Rajabu amefariki na mimi niko ndani. Amelia sana, akanishika mikono, akanipa viazi kwenye kikapu. Halafu alipogeuka kutafuta pa kukaa, akaliona gunia.

"Kumbe magadi iko hapa!"

Nikamwambia si ya kuuza. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Akachota mwenyewe, akafunga kwenye pembe ya leso, akaacha sarafu kwenye mkeka. Nikasema achukue pesa zake. Akakataa, akasema yeye si mwizi wa mjane.

Bi Mwajuma aliyaona yote. Akasubiri mgeni aondoke. Nikajua nitahubiriwa. Akasema, "Amechota mengi kuliko aliyolipia. Kesho tutafute kipimo."

Jumanne, 14 Mei

Hakuna mjane aliyehaniwa Majengo hii kama mimi. Wanakuja wawili wawili, wanasoma fatiha, wanauliza hali yangu, wanataka tambi. Wengine si Waislamu, wanapiga ishara ya msalaba, wanataka sindano ya magunia. Bi Maryamu amekuja kuhani mara tatu.

Mizani iko dukani, hatuwezi kuigusa. Tunapima kwa kikombe cha kahawa. Mimi ningejaza kwa kilima. Bi Mwajuma anasawazisha kwa kidole na hataki mchezo. Pesa zote zinaingia kwenye kopo la majani ya chai. Sijagusa hata senti. Mali bado haijagawanywa na mimi si mjinga.

Na bado nasikiliza ukuta. Wakitoka kwangu, wengine wanazunguka mbele kununua sukari kwa Saidi. Leo alikuwa anapiga mluzi. Anadhani ni baraka.

Alhamisi, 23 Mei

Imeharibika.

Mwanamke mmoja wa Chaka, mgeni, alikosea mlango. Akaingia dukani moja kwa moja, akasema anataka karafuu ile ya mama wa nyuma. Nikasikia redio ikizimwa.

Saidi akaja kwenye pazia. Hakunipa salamu. Akasema nimemfanya mpumbavu ndani ya nyumba ya ndugu yake. Akasema nafanya biashara juu ya kaburi. Akasema neno mwizi. Bi Mwajuma akamwambia ashushe sauti. Akazidisha.

Nilikuwa nimekaa juu ya gunia. Nilitaka kufungua pazia nimtazame usoni. Sikulifungua.

Jumamosi, 25 Mei

Sheikh amekuja. Amekaa upande wa Saidi, mimi upande wangu, Bi Mwajuma katikati kama mpaka. Akauliza taratibu. Je, nimetoka nje ya nyumba? Hapana. Je, ameingia mwanamume? Hapana. Pesa ziko wapi? Bi Mwajuma akapitisha kopo chini ya pazia. Nikasikia Sheikh akilimimina na kuhesabu.

Hukumu: sijavunja eda, wala sijaiba. Lakini mali ni ya marehemu hadi igawanywe, na mrithi mmoja hauzi bila ya mwingine kukubali. Kopo linaingia kwenye mali yote. Kuuza kukome.

Ni haki. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nimeuma shuka ili nisipige kelele.

Alasiri Saidi akatia kufuli mlango wa uani. Amesema ni kwa usalama wa bidhaa. Bi Mwajuma anapita dukani akitaka kwenda kwake. Mimi sipiti popote.

Jumatatu, 3 Juni

Hakuna aliyekuja. Niligongewa mara mbili mlango wa uani. Nikakaa kimya hadi wakaondoka.

Jumatatu, 10 Juni

Baridi kali. Hatujauona Mlima wiki nzima, Bi Mwajuma anasema. Mimi nauona ukuta.

Naogopa. Si Saidi ninayemwogopa, wala si umaskini. Naogopa jiko la mke wa kaka yangu. Naogopa kuzeeka nikiitwa shangazi na kila mtu, nikingoja kuambiwa nikalale wapi. Rajabu alikuwa akiniuliza kila Jumamosi, tuagize nini? Hakuna atakayeniuliza tena.

Yule mwenye sauti nzito amerudi. Wamepatana. Atachukua nusu ya chumba cha mbele kuwa ghala, Saidi atabaki na nusu auze sukari na unga tu. Duka la Rajabu limekwisha.

Nimefikiri jambo. Sitaliandika hadi nilione kama linawezekana.

Jumanne, 18 Juni

Eda imeisha. Wanawake wamekuja asubuhi, wameniosha, wamenivika kanga mpya. Bi Maryamu alitaka kunipaka udi. Nikamwambia mwili wangu umeshalewa harufu hiyo. Wakacheka hadi wakashikilia ukuta.

Nimetoka hadi barazani. Mwanga ulinichoma macho. Barabara ilikuwa pana kuliko nilivyoikumbuka na nilitaka kurudi ndani. Sikutarajia hivyo.

Kaka Idi amefika na gari la rafiki yake. Kesho ni mgawanyo.

Jumatano, 19 Juni

Tulikaa sebuleni kwa Sheikh. Saidi alijitahidi kuwa mwema, nakiri. Alisema mbele ya wote kwamba robo yangu nichague mwenyewe, hata sukari. Amejuta neno lile, nadhani. Kaka Idi akaninong'oneza niombe sukari, inauzika upesi, tupate nauli na akiba.

Nikasema nataka kundi la tatu. Lote, hadi sindano ya mwisho. Na robo isipotimia, kwa sababu haitatimia, nataka ijaziwe kwa chumba kile nilichokalia eda, na ukuta wake wa uchochoroni, na ruhusa ya kuutoboa.

Saidi alinitazama. Mara ya kwanza tunatazamana tangu msiba. "Shemeji, hizo ni takataka. Wewe mwenyewe uliandika."

Nikamwambia ndiyo, niliandika.

Kaka Idi alikasirika. Alisema nimerogwa na ukuta. Aliniuliza nitaishi vipi, mwanamke peke yake, kwa kuuza tambi. Nikamjibu kwamba sijui vizuri, lakini Nanyuki siendi. Sheikh akapiga hesabu mara mbili, akasema chumba na takataka zinakaribia robo, na kilichopungua Saidi atanilipa kwa mizani. Ile ya zamani, inayogonga.

Kaka Idi ameondoka bila kula. Imeniuma. Nitamwendea Idi, si kwa kuhamia.

Jumanne, 2 Julai

Ukungu hadi saa nne. Fundi amemaliza dirisha. Ubao wa kaunta hakuupiga randa vizuri, nimeshachomwa na kibanzi. Kitanda kiko pale pale, nyuma ya magunia. Bi Mwajuma amerudi kwake, na nimegundua kwamba sijui kulala bila mtu wa kunigombeza.

Mama Wangeci amekuja na wenzake wawili. Magadi, nyuzi, nyembe. Kisha wakazunguka mbele kununua sukari kwa Saidi. Nimewasikia.

Ninaweza kutoka nikitaka. Tangu asubuhi sijatoka. Ukiondoka dirishani mtu atakuja akute giza aende ng'ambo, basi unakaa. Sina la kulalamika, nimelichagua mwenyewe. Lakini niandike kwamba kuta ni zile zile.

Alasiri Saidi amesimama dirishani. Nimemsikia miezi yote hii nisimwone, na leo ndio nimemtazama vizuri. Amekonda. Ndevu zimeingia mvi. Alisimama akitazama chini.

"Niuzie iliki kidogo, shemeji. Marehemu alikuwa anaiweka kwa chai. Leo nimeamka nayo mdomoni."

Nikampimia. Akalipa, nikapokea. Akainama kidogo akachungulia ndani, akaona kitanda na magunia na mahali nilipokuwa nikiegemea kichwa, pale rangi ya ukuta ilipofutika.

"Kumbe ulikuwa hapa tu," akasema. Akaondoka na karatasi yake ya iliki.

Nikakaa chini nikamlilia Rajabu. Kwa sauti, bila mtu wa kuniambia imetosha. Miezi minne nilikuwa nasikiliza duka lake. Yeye sikumlilia.

Kisha mtu akagonga ubao, anataka tambi ya taa. Nikajifuta kwa kanga, nikampa.